Jinsi Nilivyoipata Sauti Niliyoitaka Katika Gitaa la Mjozi

Uamuzi wangu wa kuunda gitaa la nyuzi za chuma lenye mgongo na mbavu (yaani ubao wa nyuma na zile za pembeni) za mjozi, mti unaozaa jozi, ulitokana na namna ninavyopiga. Napiga kwa vidole, mara nyingi nikimsindikiza mwimbaji, na nilihitaji chombo ambacho kila noti yake inasikika waziwazi kisha inaondoka kwa wakati wake, badala ya kubaki ikielea na kuzifunika noti zinazofuata. Rozwudi, ambayo ni ya jamii moja na mpingo, husifiwa kwa mlio mrefu uliojaa mwangwi, na sifa hiyo inastahili, ila haikuwa haja yangu. Mahogani ingeweza kunifaa. Mjozi ndio ulionivuta zaidi, na hapa naeleza jinsi nilivyoufanyia kazi hadi ukanipa sauti niliyoikusudia, kwa sababu naona mengi yanayosemwa juu ya mti huu huishia kwenye jina na rangi, ilhali nilipokuwa nao mezani kilichoamua mambo kilikuwa uzito na ukakamavu wa kila ubao peke yake.

Husemwa kwamba mjozi upo katikati ya mahogani na rozwudi. Kwa mizani haupo katikati hata kidogo. Mjozi mweusi wa mashariki mwa Amerika Kaskazini, Juglans nigra, ukishakauka huwa na wastani wa kilo 610 hivi kwa kila mita ya ujazo. Mahogani ya Amerika ya Kati na Kusini huwa na kilo 590 hivi, na rozwudi ya India hufika karibu kilo 830. Mjozi basi ni jirani wa mahogani, ila kwa kawaida unaishinda kidogo kwa ukakamavu, na tofauti hiyo ndogo humpa fundi nafasi ya kuupunguza unene bila kuufanya mgongo uwe legevu. Nafasi hiyo ndiyo niliyoitegemea.

Kabla ya kushika randa nilijisomea pia ili nisitegemee uvumi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lililotumia magitaa 6 ya fundi Roger Bucknall, yaliyoundwa kwa kufanana isipokuwa katika mbao za mgongo na mbavu: rozwudi ya Brazili, rozwudi ya India, mahogani, mepoli, sapele na mjozi. Wapigaji 52 waliyapiga bila kuweza kuzitambua mbao kwa macho, na alama walizotoa kwa ubora wa sauti zilikaribiana mno. Zamani zaidi, mwaka 1862, Antonio de Torres wa Hispania aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, akathibitisha kwamba kazi kubwa ya sauti hubebwa na uso wa gitaa, yaani ule ubao wa juu wenye tundu na daraja linaloshikilia nyuzi. Wapo wanaoyachukua mambo haya kama ushahidi kwamba mbao za nyuma hazina maana yoyote. Mimi niliyachukua kama ruhusa: ikiwa jina la mti halileti sauti lenyewe, basi fundi anao uwanja mpana wa kuuelekeza mjozi anakotaka. Isitoshe, mjozi haumo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tofauti na rozwudi zote za jenasi ya Dalbergia, ambazo tangu Januari 2017 zimewekewa masharti ya vibali, ingawa ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa baadhi ya masharti hayo mwaka 2019.

Katika kuchagua mbao nilitumia subira kuliko hatua nyingine yoyote. Mjozi humshawishi mtu kwa macho. Vipande vinavyotoka pale shina linapogawanyika, au karibu na mizizi, huwa na mawimbi ya kahawia, zambarau na hata kijani kilichofifia. Mjozi wa California, Juglans hindsii, una kisa chake cha pekee: kwa miaka mingi wakulima wa jozi walizoea kupandikiza mjozi wa Kiajemi, Juglans regia, ambao ndio unaozaa jozi zinazouzwa kwa wingi, juu ya shina la mjozi huo wa California wenye mizizi yenye nguvu. Mti wa bustani ukizeeka na kuangushwa, ndani ya mbao zake unauona mpaka pale miti miwili ilipoungana, upande mmoja ukiwa wa giza na mwingine uliopauka. Nilivishika vipande vya namna hiyo, nikavisifu, nikavirudisha. Katika mbao zenye mawimbi nyuzinyuzi za mti hupanda na kushuka badala ya kwenda moja kwa moja, na kila zinapojitokeza usoni ubao hupoteza sehemu ya ukakamavu wake wa urefu, huvunjika kwa urahisi wakati wa kupindwa, na hujikunja bila mpangilio hewa inapobadilika.

Nilichokitafuta kilikuwa ubao mnyofu. Nilitazama kichwa cha kila ubao, pale msumeno ulipokata kukingama shina, nikihakikisha kwamba pete za ukuaji zimesimama wima kutoka uso mmoja hadi wa pili, ishara kwamba ubao ulipasuliwa kuelekea kiini cha mti. Kisha nilipima urefu, upana, unene na uzito, nikapiga hesabu ya kilo kwa mita ya ujazo. Vipande viwili vilivyofanana kabisa kwa macho viliachana kwa zaidi ya kilo 60, na tofauti ya namna hiyo ndani ya mti wa aina moja ni kubwa kuliko ile inayotenganisha wastani wa mjozi na wastani wa mahogani. Nilichukua ule mwepesi zaidi, kwa sharti kwamba ulikuwa mkakamavu nilipoukunja kwa mikono. Niliepuka pia mbao zilizopikwa kwa mvuke, njia ambayo viwanda hutumia ili rangi ya kiini isambae hadi kwenye ile sehemu nyeupe ya nje. Si kwamba mvuke unaharibu sauti, ni kwamba rangi inayobaki huwa ya kijivu na ya namna moja, nami naipenda rangi yake ya asili.

Ukavu wa mbao haukupaswa kuchukuliwa kwa wepesi. Kutoka ubichi hadi ukavu kamili mjozi mweusi hunywea kwa asilimia 5.5 kuelekea kiini na asilimia 7.8 kufuata pete, wakati mahogani hunywea kwa zaidi kidogo tu ya nusu ya viwango hivyo. Afadhali viwango viwili vya mjozi havipishani sana, kwa hiyo ubao unaponywea haupotoki ovyo. Nilizihifadhi mbao katika chumba chenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50, zikitenganishwa na papi nyembamba ili hewa ipite pande zote, na nilizipima uzito kila baada ya muda hadi mizani ilipoacha kushuka. Nilianza kazi baada ya hapo.

Kupunguza unene wa mgongo ndiyo hatua iliyonifundisha mti huu. Baada ya kuunganisha nusu mbili za mgongo niliziteremsha kwa randa hadi milimita 3.2, na kuanzia hapo niliendelea kwa kipande cha chuma cha kukwangulia, nikiusikiliza ubao kila baada ya mikwaruzo michache. Namna ya kusikiliza ni hii: unaushika ubao kwa vidole viwili kwenye ukingo, mahali palipo kama asilimia 22 ya urefu wake kutoka mwisho, kwa sababu hapo ubao unaotikisika huwa umetulia na vidole havizuii mlio, kisha unaugonga katikati kwa ncha ya kidole. Ulipokuwa mnene, mjozi ulijibu kwa sauti ya juu na fupi iliyokatika mara moja. Kadiri nilivyokwangua, sauti ilishuka na kurefuka, hadi karibu na milimita 2.6 ikawa na kina na mkia unaosikika. Niliukunja ubao kwa upana wake, nikahisi umeanza kukubali, nikaacha hapo hapo. Fundi mwenye ubao mwingine wa mjozi huenda akasimama kwenye milimita 2.9 au 2.4, na atakuwa sahihi, kwa maana namba hufuata ubao.

Mbavu nilizifikisha milimita 2.1 na kuzipinda kwenye bomba lililopashwa moto hadi nyuzi joto 150 hivi. Mjozi hupindika kwa utii ambao sijauona katika rozwudi. Nililowanisha kidogo tu, kwa kuwa maji mengi huinua mawimbi madogo usoni, na niliweka karatasi ya alumini kati ya ubao na bomba, kwani tanini iliyomo ndani ya mjozi ikikutana na chuma na maji huacha madoa meusi yasiyotoka. Kwenye kiuno cha gitaa, ambako mkunjo ni mkali, nilisubiri hadi niuhisi ubao unalegea wenyewe chini ya kiganja ndipo nilipoongeza nguvu. Gundi nayo ilishika bila matatizo, kwa sababu mjozi hauna yale mafuta ya rozwudi ambayo humlazimu fundi kufuta uso wa ubao kwa kiyeyushi kabla ya kuupaka gundi. Vumbi lake, hata hivyo, linawasha ngozi na pua, kwa hiyo barakoa sikuivua wakati wa kupiga msasa.

Kwa uso wa gitaa nilichagua sprusi ya Engelmann, mti wa jamii ya misonobari, ambayo ni nyepesi kuliko ile ya Sitka na huitikia vidole vyepesi. Yapo magitaa ambayo uso wake pia ni wa mjozi, na sauti yake kavu inawafaa wanaopiga kupitia vipaza sauti, lakini kwa chumba kisicho na mitambo nisingewashauri wenzangu wafuate njia hiyo.

Gitaa lilipofungwa na kuwekwa nyuzi, sauti ilikuwa nzuri lakini mgongo ulikuwa umekaa kimya, na hapo ndipo nilipoamua kuutafutia mahali pake. Uso na mgongo wa gitaa kila kimoja kina mlio wake mkuu kinapogongwa. Milio hiyo miwili ikikaribiana mno, noti iliyo jirani nayo hulipuka kwa nguvu kisha hufa upesi. Ikitengana mno, mgongo haushiriki. Mafundi wengi hulenga mgongo uwe juu ya uso kwa semitoni 4 hivi, semitoni ikiwa ile hatua ndogo kati ya freti moja na inayofuata, yaani vile vipande vya chuma vilivyokingama shingoni. Nilifunika nyuzi kwa kitambaa, nikagonga daraja, kisha mgongo, nikirekodi kwa simu yenye programu inayoonyesha masafa ya sauti. Uso ulikuwa kwenye hezi 190 hivi, yaani mitetemo 190 kwa sekunde, kati ya fa kali na sol, mahali pazuri kwa kuwa haupo juu ya noti yoyote. Mgongo ulikuwa karibu na 260, juu mno. Niliingiza mkono kwenye tundu la sauti nikiwa na randa ndogo ya kidole, nikapunguza kimo cha mihimili miwili ya upande wa chini kati ya ile iliyogundishwa ndani ya mgongo, unyoya mmoja wa mbao kwa wakati mmoja, nikigonga na kupima kila mara. Kwa rozwudi nzito ningelazimika kuondoa mbao nyingi zaidi ili nisikie mabadiliko hayo hayo. Mgongo huu mwepesi uliitikia kila mkwaruzo. Niliusimamisha karibu na hezi 240, kati ya la kali na si.

Badiliko lilisikika papo hapo, na zaidi lilisikika tumboni, pale mgongo wa gitaa unapomgusa mpigaji. Besi ya uzi wa sita ilipata mwili bila kurefuka kupita kiasi, na noti za nyuzi za kati, ambazo ndizo zinazogombana na sauti ya mwimbaji, zilibaki zimetengana hata nilipopiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja.

Kumalizia mbao za mjozi kunahitaji kujaza vinyweleo vyake vilivyo wazi. Nilitumia unga wa pumisi, jiwe jepesi la volkano, na shelaki, vanishi ya asili, nikivisugua hadi unga wa mjozi wenyewe uingie vinyweleoni pamoja nao, kisha nikapaka shelaki tabaka nyembambanyembamba. Rangi yake nimeiacha ilivyo, nikijua kwamba mjozi, tofauti na mbao nyingi, hupauka kwa miaka na mwanga badala ya kuwa mweusi zaidi.

Upungufu wa gitaa hili naujua vilevile. Ninapopanda kwenye uzi wa kwanza kupita freti ya 12, noti ni safi lakini hazina ule mng'ao unaoendelea kulia baada ya kidole kuondoka, na anayepiga nyimbo za polepole zenye noti chache huenda akauhitaji mng'ao huo kuliko ninavyouhitaji mimi. Kwake yeye ningependekeza rozwudi. Kwa kazi ya kusindikiza sauti ya mtu, kwa vidole, katika chumba cha kawaida, nimekwisha kuweka kando ubao wa pili wa mjozi uliotoka kwenye gogo lile lile, na kwa sasa unakauka kati ya papi zake.