Kumwagilia bustani katika majira ya joto ya ughaibuni

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima, na ndiyo maana joto la huku kaskazini huturubuni. Mwezi Juni, katika latitudo ya London, jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo mimea hupoteza maji kupitia majani kwa zaidi ya saa 16 kabla ya kupata nafuu ya giza. Joto la nyuzi 30 huenda tusilihesabu kuwa kitu, lakini urefu wa siku hukausha udongo kwa kasi tusiyoitarajia.

Wengi hukabiliana na hali hiyo kwa kunyunyiza maji kidogo kila jioni, nami nawasihi waache. Maji kidogo huishia sentimita chache za juu, na mizizi, kwa kuwa huyafuata maji yalipo, hubaki papo hapo, katika tabaka linalokauka kwanza. Ni afadhali kumwagilia mara moja au mbili kwa wiki, kwa wingi, kiasi cha lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki nzima, ingawa udongo wa kichanga huhitaji kugawiwa maji hayo mara nyingi zaidi. Mwagilia alfajiri, shinani, polepole. Maji yakianza kutuama, subiri yanywewe kwanza. Majani yanayolala yakiwa yamelowa hukaribisha ukungu.

Mchana utaona majani mapana ya mboga na maboga yamelegea, hata udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, kwa sababu yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Usikimbilie ndoo. Yakiinuka jioni, mmea hauna tatizo. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili, na ukikuta pakavu, mwagilia. Ukikuta pameloa chepechepe, huenda mizizi imekosa hewa na inaoza, na kuongeza maji hapo ni kuumaliza mmea.

Nyanya zinahitaji uangalifu wa pekee. Doa jeusi lililodidimia kwenye kitako cha tunda mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa, kumbe tunda limekosa kalsiamu, ambayo husafirishwa na maji. Kwa kawaida kalsiamu imo udongoni tele. Kinachokosekana ni unyevu usiopandapanda na kushuka, na hilo halitibiwi kwa mbolea.

Tandaza majani makavu au vipande vya maganda ya miti kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiyaacha mbali kidogo na shina ili lisioze. Kwa anayelima kwenye vyungu kibarazani, matandazo husaidia, ila bado atalazimika kuvikagua kila siku. Udongo wa chungu ukikauka kabisa hunywea na kuachana na kingo, kisha maji hupita ufani na kutokea tunduni chini, huku katikati pamebaki pakavu. Kiweke chungu hicho ndani ya beseni la maji kwa nusu saa, mpaka viputo viishe, halafu kiache kichuje kivulini.

Nyasi zikigeuka rangi ya kahawia, ziache. Kwa kawaida zimelala tu, na zitachipua mvua zikirudi. Maji hayo yapewe miche iliyopandwa mwaka huu, ambayo mizizi yake bado ni mifupi.