Sindano ya goti: kabla hujakunja suruali
Jamani, sindano ya goti haiponyi baridi yabisi wala kurudisha gegedu (ule mfupa laini wa kwenye kiungo) lililosagika. Inatuliza uvimbe na maumivu, mara nyingi kwa wiki chache tu. Dawa inayotumika sana ni triamsinoloni miligramu 40, aina ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), ikichanganywa na ganzi. Ganzi huisha baada ya saa chache, maumivu yanarudi, na hapo ndipo wengi hulalamika kwamba wamedungwa maji. Subirini: steroidi yenyewe huchukua siku kadhaa kushika kazi.

Goti likijaa maji, yavutwe kwanza. Yakitoka na ukungu au usaha, steroidi isiingie, yapelekwe maabara.

Wenye kisukari, pimeni kila siku kwa wiki nzima, maana sukari hupanda. Maumivu kuzidi siku mbili za mwanzo hutokea, barafu inasaidia. Lakini homa, au goti jekundu, la moto, lisilokunjika? Hospitali siku hiyohiyo.

Na msidai nyingine kabla ya miezi 3. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 uliwadunga wagonjwa kila wiki 12 kwa miaka 2: gegedu lilipungua zaidi kuliko kwa waliodungwa maji ya chumvi, na nafuu ya maumivu haikuzidi.