Siku moja na tumbaku yangu juu ya mawe ya volkano

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla sijasalimia mtu nyumbani, naenda kuangalia mabeseni. Ni matatu, yametobolewa chini, yamefunikwa nailoni, na ndani yake kuna kitu ambacho ukikiona haraka utasema ni ukungu wa kijani. Hiyo ndiyo tumbaku, siku ya kumi na mbili. Jani zima halifikii kichwa cha pini.

Naishi Murara, hapa Goma, juu ya lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo mwezi wa kwanza 2002. Paseli yangu, yaani kiwanja changu, ni mawe meusi yanayokula viatu. Udongo wote unaouona uwani niliununua kwa magunia, ukaletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, nikauzungushia ukuta wa mawe hayohayo. Kwa hiyo mtu akiniambia "wewe unapanda majani tu", namtazama, simjibu.

Saa kumi na mbili hadi saa mbili ni maji. Bidoni mbili, yaani madumu, foleni, kurudi, bidoni mbili tena.

Saa mbili ningeanza kuchuma majani ya chini, yale yaliyoanza kuwa ya njano, lakini usiku mvua ilinyesha. Nangoja yakauke. Hilo nililijua kwa kuumia. Mwaka wa kwanza nilichuma na umande, mikono mitupu, nguo zimelowa chapachapa, na kabla ya saa sita kichwa kilikuwa kinazunguka, natapika nyuma ya choo. Mama mkwe akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Kumbe ni nikotini: jani likiwa na maji, sumu yake inapita kwenye ngozi, hata kama hujawahi kuvuta sigara. Na mimi sijawahi. Siku hizi nachuma na mikono mirefu, mifuko ya plastiki mikononi, na watoto hawagusi.

Basi nikakaa kwenye kigoda nikivunja vichipukizi. Ukikata ua la juu ili majani yanenepe, mmea unalipiza: unachipua kwenye kila kwapa la jani, na kila wiki lazima upite tena. Gundi yake inaganda vidoleni nyeusi kama lami. Mimea miwili tu nimeiacha na maua yake. Hiyo ni ya mbegu.

Saa tatu papa mmoja, baba niliyemuuzia mbegu, akagonga geti. Aliondoka saa tano na nusu.

"Mama, uliniuzia vumbi."

Alikuwa ameshika ile karatasi ya daftari niliyomfungia mbegu siku tisa kabla, na mkono wa pili sigara. Nikamwomba aizime na anawe mikono kwanza, maana ugonjwa wa mabaka unaweza kutoka kwenye tumbaku ya sigara, ukapita vidoleni, ukaingia kwenye miche. Ukishaingia, jani linakuwa kama ramani na dawa hakuna. Nyanya pia zinaupata, ni ukoo mmoja. Akaona namdharau. Akanawa kwa hasira, robo ya bidoni yangu ikaenda.

"Papa, ulizipanda namna gani?"

"Kama maharage. Shimo, mbegu tatu, nikafunika. Siku nne sasa, hakuna kitu."

"Kidole kizima ndani ya udongo?"

"Kidole kizima. Mimi mtoto wa Masisi, utanifundisha kulima?"

Nilivuta pumzi. Gramu moja ya mbegu hizi ina mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu ndogo hivyo haina akiba tumboni ya kupenya kidole kizima cha udongo, tena inataka mwanga ndipo iamke. Unaichanganya na mchanga mkavu, unainyunyiza juu kama chumvi, unagandamiza kwa kiganja, hufuniki. Halafu unangoja wiki moja, wiki mbili, na kwa baridi ya usiku wa hapa hata zaidi. Nilimweleza yote hayo mara mbili. Akasema shangazi yake alikuwa na tumbaku nyuma ya nyumba miaka yote, na hakuwa na masharti ya mganga kama mimi.

Nikaleta kisahani. Kila mbegu ninayouza, chache naziweka kwenye karatasi mbichi dirishani, kwa ajili ya siku kama hii. Zilizotoka kifuko kimoja na zake zilikuwa zimeshatoa vimizizi vyeupe, vyembamba kuliko uzi. Akavaa miwani, akanyamaza. Nikafungua na karatasi ya mbegu kavu alinganishe. Akainama karibu kabisa, akauliza kwa nguvu, "Ziko wapi?"

Pumzi yake ikazichukua. Nusu ya karatasi ilipotelea kati ya mawe.

Yeye ndiye aliyecheka kwanza. Bado alidai pesa yake! Tukamalizana hivi: nikampa mbegu nyingine bure, naye akanunua miche mitano iliyofika urefu wa kiganja.

Mchana wote nilichuma. Unapitisha sindano kwenye kikonyo, jani baada ya jani, kamba inajaa, unatundika chini ya bati penye kivuli na upepo. Wiki sita, nane. Likikauka haraka linabaki kijani na linawasha koo, unyevu ukizidi linaota ukungu. Wakati nimepanda juu ya meza, dada mmoja wa kanisani akapita, akachungulia, akauliza tena kama si bangi. Wazee wa kiko na mamama wa ugoro pale soko Virunga hawaulizi. Wananusa, wanalipa.

Sijui ilikuwa saa ngapi wingu liliposhuka. Tone moja kubwa linatosha kung'oa mche wa siku kumi na mbili, kwa hiyo nilikimbia kurudisha nailoni juu ya mabeseni, mgongo umekaza, kiatu kimoja kikabaki kwenye mawe.

Nilikuwa nimeshalala simu ikalia. Ni yule papa.

"Mama, umesema zinataka mwanga. Usiku niziwashie taa?"

"Hapana Papa. Ziache zilale."