Daftari la Shangazi

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, shangazi yangu alianza kunichukua kila Jumamosi alfajiri kwenda soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga. Kazi yangu ilikuwa kubeba kikapu na kunyamaza. Mnada ulipoanza, hakukimbilia kutaja bei kama wachuuzi wengine. Alimwinua samaki kwanza, akamfunua mashavu kutazama wekundu wake, kisha akapitisha kidole gumba kutoka kichwani hadi mkiani, akibonyeza juu ya uti wa mgongo. Alipokuta mfupa umevunjika na nyama imelegea, alimrudisha mchangani bila kumlaumu mtu. "Huyu kapigwa baruti, mwanangu. Simpiki."

Uzito wa maneno yale niliuelewa baadaye. Uvuvi wa baruti ulikuwa donda ndugu katika pwani yetu kwa miongo mingi, kwa sababu mlipuko mmoja huua kundi zima pamoja na makinda yake, na huyabomoa matumbawe ambayo samaki wanayategemea kwa kuzaliana na kujificha. Mwenye mgahawa aliyewakataa samaki hao alijinyima faida iliyokuwa wazi mbele yake. Shangazi aliwakataa hata wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, bahari ilipochafuka, ngalawa zikashindwa kwenda mbali, na bei ya changu ikapanda kila siku. Siku hizo alipika maharage ya nazi na mihogo, akawaambia wateja kwamba samaki hakuna.

Mgahawa wenyewe ulianza na karai moja, mbele ya nyumba ya kupanga huko Ngamiani. Mume wake alikuwa kibarua katika shamba la mkonge. Nchi iliyozalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge mwaka 1964 ilikuja kushuka hadi kiasi cha tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, na nyumba yao ilikuwa miongoni mwa nyingi ambazo mshahara ulikatika katika mporomoko huo. Shangazi alinunua mafuta kwa mkopo, akakaanga vibua, akawauzia makuli wa bandarini. Baada ya karai kikaja kibanda, baada ya kibanda meza nne, na hatimaye banda kubwa la makuti upande wa Raskazone, ambako upepo wa baharini huwapa wageni hamu ya kula hata kabla chakula hakijafika.

Waliomfuata walikuja kwa ajili ya samaki wa kupaka. Kolekole alichomwa kwanza juu ya makaa hadi ngozi ikakauka, na wakati huo kasimile, tui zito la nazi iliyokunwa asubuhi ile ile, ilikuwa jikoni, ikikorogwa polepole na ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, bila kuachwa hata kidogo, maana tui likikatika halirudi. Wasichana aliowaajiri hawakuruhusiwa kushika mwiko huo mpaka wawe wamekuna nazi kwa miezi kadhaa. Watatu kati yao wana migahawa yao leo, na mmoja yuko mtaa wa pili kutoka kwake. Shangazi ndiye aliyempa masufuria ya kuanzia.

Mimi nilikuwa mwandishi wa daftari lake. Mbele tuliandika mauzo na madeni, na nyuma, tukianzia ukurasa wa mwisho, tuliandika majina ya watoto. Wakati ule ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na michango mingine iliizidi ada yenyewe. Serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, nilidhani kurasa za nyuma zimefungwa. Aliniagiza nipige mstari, kisha nianze upya: sare, madaftari, nauli, na miwani ya kijana mmoja ambaye walimu walimdhania mzito wa kuelewa.

Watu humsifu zaidi kwa futari anayoandaa mwezi wa Ramadhani. Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa kuliko zote ni mkopo wa kusi. Mvuvi alichukua fedha ya unga na ya kushona nyavu bila riba, akalipa kwa samaki kaskazi iliporejea, kwa sharti moja tu la kutogusa baruti. Mwaka mmoja, ofisi fulani iliagiza biriani ya watu mia mbili, kisha ikachelewesha malipo zaidi ya mwaka mzima. Shangazi aliuza bangili zake mbili za dhahabu ili wavuvi wapate fedha yao kwa wakati.

Sasa macho yake yamechoka, nami humsomea daftari kila Alhamisi baada ya alasiri. Wiki iliyopita nilimsomea orodha ya kusi, majina kumi na manne ya wavuvi, na chini kabisa jina la mwanamke anayetafuta pweza miambani, aliyeomba fedha ya viatu vya mpira na ndoo. Alinisimamisha.

"Huyo mpandishe juu, mwanangu. Bamvua ni Jumamosi, maji yatakupwa sana. Hao wengine wanaweza kungoja."

Nililikata jina lile, nikaliandika upya juu ya orodha, nikampelekea fedha jioni ile ile.