Kebo ya kilovolti 11 imekufa ardhini: anza na megga, si sururu

Zima pande zote mbili, thibitisha hakuna umeme, unganisha ardhini, kisha fungua miisho. Pima kila fezi kwa megga (kifaa cha kupima ukinzani wa kihami cha kebo, kwa omu) ya kilovolti 5, na utoe chaji kila baada ya kipimo. Jibu hilo ndilo linaloamua njia.

Omu zikiwa chache, rada ya kebo inatosha: hutuma mpigo wa umeme na kusubiri mwangwi wake kutoka kwenye hitilafu. Ndani ya kebo ya XLPE (plastiki ya kuhami) mpigo husafiri takriban mita 170 kwa maikrosekunde. Mpigo ukirudi baada ya maikrosekunde 10, hitilafu iko karibu mita 850, maana mpigo umekwenda na kurudi. Omu nyingi rada haizioni. Hapo jenereta ya mishtuko ya volti kubwa huwasha cheche kwenye hitilafu na rada hupiga mpigo wakati cheche ingali hai. Linganisha na picha ya rada ya mwanzo, iliyopigwa bila cheche: mistari inapoachana ndipo penyewe. Usirudierudie mishtuko ovyo, XLPE iliyozeeka huumia.

Mita hizo ni za kebo, si za barabara. Karibu na viungo huwa kuna akiba iliyokunjwa. Kwa hiyo, jenereta ikipiga mishtuko, tembea juu ya kebo na maikrofoni ya ardhini: kwa kila mshtuko kipokezi hunasa sumaku kwanza, sauti ya cheche baadaye. Tofauti ya muda inapokuwa ndogo kabisa, chimba. Kebo ikiwa ndani ya bomba, jihadhari sana: sauti hutokea mdomoni mwa bomba, mbali na hitilafu.