Kutoka tungamo la Jua hadi la protoni: vipeo visikupoteze

Jua lina tungamo la kilogramu 1.9884 × 10³⁰. Protoni moja ina kilogramu 1.6726 × 10⁻²⁷. Ukiulizwa Jua ni sawa na protoni ngapi, hesabu yenyewe ni mgawanyo mmoja tu, na bado watu wengi wanatoka na jibu lililokosewa kwa vipeo kadhaa (kipeo ni ile namba ndogo iliyo juu ya 10). Kinachowaangusha mara nyingi ni kushughulikia namba nzima kwa mkupuo.

Tenganisha. Kwanza gawanya tarakimu za mbele: 1.9884 kwa 1.6726 ni 1.1888. Kisha vipeo peke yake: 30 kutoa hasi 27, yaani 30 kujumlisha 27, ni 57. Jibu ni 1.1888 × 10⁵⁷. Hesabu ya vipeo iandike kwenye karatasi hata kama una kikokotoo mkononi, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha kikokotoo kikikosea.

Nacho hukosea kutokana na namna tunavyokilisha. Chukua Dunia, kilogramu 5.972 × 10²⁴, uigawanye kwa elektroni, kilogramu 9.109 × 10⁻³¹. Mtu anabonyeza 5.972 × 10 ^ 24 ÷ 9.109 × 10 ^ −31 bila mabano. Kikokotoo kinatoka kushoto kwenda kulia: kinagawanya kwa 9.109, halafu kinazidisha kwa 10⁻³¹ badala ya kugawanya. Kinatoa 6.556 × 10⁻⁸, wakati jibu sahihi ni 6.556 × 10⁵⁴. Tofauti ni vipeo 62, mara mbili ya 31. Ukiona jibu limepotoka kwa mara mbili ya kipeo cha namba ya chini, usitafute mbali: ni mabano. Dawa nzuri zaidi ni kutumia kitufe cha EXP, EE au ×10ˣ, ambacho hushika 9.109 na kipeo chake kama namba moja. Ila hapo usiandike 10 EXP 24 ukikusudia 10²⁴, kwani utapata 10²⁵. Andika 1 EXP 24. Kwa kipeo hasi, tumia kitufe cha alama ya hasi, si cha kutoa, kwenye vikokotoo vinavyovitofautisha.

Katika mfano huo huo, 5.972 ÷ 9.109 inatoa 0.6556, na vipeo vinatoa 55. Ukisogeza nukta hatua moja kulia ili ipatikane 6.556, kipeo lazima kishuke hadi 54. Namba ya mbele ikikua, kipeo kinapungua.

Sasa mtego ninaouona kuwa mbaya kuliko yote: kilogramu ni kizio cha msingi, lakini tayari imebeba kiambishi, yaani "kilo" ya elfu moja. Viambishi vya mizani vinabandikwa kwenye gramu, wala haviruhusiwi kupandana viwili. Mtu anaona Dunia ni 5.972 × 10²⁴, anakumbuka kwamba kiambishi yota ni 10²⁴, anaandika yotagramu 5.972. Amekosea mara elfu moja, maana ile ilikuwa kilogramu. Kwa gramu ni 5.972 × 10²⁷, na 10²⁷ ni rona: ronagramu 5.972. Rona ni kiambishi kipya, kilichopitishwa Novemba 2022 na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani pamoja na kweta (10³⁰), ronto (10⁻²⁷) na kwekto (10⁻³⁰). Kwa hiyo Mshtarii ni kwetagramu 1.898, na elektroni ni rontogramu 0.911. Kabla ya kubandika kiambishi chochote, ongeza 3 kwenye kipeo cha kilogramu. Ni hatua ndogo, usiiruke.

Alama nazo zina hatari yake. Mg ni megagramu, yaani tani moja. Lakini mg ni miligramu. Herufi kubwa na ndogo zimetenganishwa na mara bilioni moja. Na µg, mikrogramu, ikihamishwa kutoka faili moja hadi jingine, mwandiko wa alama ukipotea inaweza kugeuka mg. Kwenye dawa hilo ni kosa la mara elfu, kwa hiyo andika neno zima.

Kwa wanaopima atomu, daltoni 1 ni kilogramu 1.66054 × 10⁻²⁷, na MeV 1 (megaelektronivolti, kizio cha nishati) ikigeuzwa kuwa tungamo ni kilogramu 1.78266 × 10⁻³⁰. Tola ya dhahabu ni gramu 11.6638, igawanye kwa 196.97 (gramu za moli moja ya dhahabu), zidisha kwa 6.022 × 10²³ (idadi ya atomu katika moli moja), unapata atomu 3.566 × 10²² hivi. Upande wa juu, petagramu 1 ni gigatani 1 kamili. Ila kwenye takwimu za hewa ukaa angalia kama ni tani za kaboni peke yake au za gesi nzima, maana zinatofautiana kwa 44/12.

Ukiandika programu, namba za biti 32 zinaishia kwenye 3.4 × 10³⁸. Ule uwiano wa 10⁵⁷ utakurudishia "inf", yaani namba isiyo na kikomo. Tumia biti 64, zinazofika 1.8 × 10³⁰⁸, au fanya kazi kwa logi, ambapo badala ya kugawanya unatoa.

Mwisho ni tarakimu. Tungamo la Jua na la Dunia hupatikana kwa kugawanya kwa G, namba isiyobadilika ya uvutano, na G inajulikana kwa uhakika wa takriban sehemu 22 kwa milioni tu. Tarakimu nne au tano ndizo za kuaminika. Kikokotoo kikikupa 1.188807844 × 10⁵⁷, andika 1.1888 × 10⁵⁷, zilizobaki zifute.