Chai ya nyumbani: jinsi nilivyopunguza sukari

Kwetu sukari ilikuwa inachemshwa humohumo kwenye sufuria ya chai ya maziwa, kwa hiyo hakuna aliyejua anakunywa kiasi gani. Kliniki walipomwambia baba sukari yake ya damu imeanza kupanda, shangazi alileta asali na sukari guru. Shikamoo shangazi, lakini hapana. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali pamoja na sukari za kuongezwa, na sukari guru ni maji ya muwa yaliyochemshwa yakaganda. Stevia, kitu kitamu kinachotokana na majani ya mmea, haipandishi sukari ya damu, ila nilitaka ulimi wenyewe uzoee.

Nilichofanya: sufuria haiguswi na sukari. Naponda tangawizi na iliki, nazichemsha na majani mpaka harufu ijae jikoni, ndipo namimina maziwa. Bakuli la sukari liko mezani na kijiko cha chai, kila mtu anajitilia, kijiko kifutwe kwa kisu kisiwe na kilima. Hicho ni kama gramu 4. Shirika hilo linapendekeza mtu mzima abaki chini ya gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana chini ya 25, yaani vijiko 6. Soda ya nusu lita peke yake hukaribia gramu 50.

Baba alinuna, kisha akashuka kidogokidogo mpaka kijiko kimoja. Kwa anayetumia dawa za kisukari, amwone daktari kwanza, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.